Uvimbe Chini ya Ulimi wa Mwanarusi

Kila siku, akishatoka shule na kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Mwanarusi aliketi kwenye baraza ya nyumba yao akashona kofia. Nyumba yenyewe ilikuwa katika kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, ya ghorofa moja juu, yenye kuta nene na ngazi nyembamba iliyomtaka mtu apande ubavu ubavu. Chini waliishi Mwanarusi na wazazi wake. Baba yake, Badawi, alikuwa karani wa ghala kule Shimanzi. Juu aliishi Shangazi Esha, dada mkubwa wa baba, mjane asiye na mtoto na mwenye sauti ya kuweza kumwita mtu aliyeko sokoni bila kutoka dirishani.

Kazi ya kofia ilikuwa ya Shangazi Esha. Yeye ndiye aliyekata vitambaa vyeupe, akavichora maua kwa penseli, kisha akavigawa kwa washonaji wa Mji wa Kale na Bondeni. Mwanarusi alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kati ya washonaji wote wa Shangazi yeye alikuwa mdogo kuliko wote na mwepesi wa mkono kuliko wengi. Alikuwa na tabia moja tu iliyomkera mama yake. Kila alipotaka kukunjua kitambaa au kuchagua uzi, sindano aliitia kinywani. Aliilaza chini ya ulimi, tundu likitokeza nje, akaendelea kuzungumza kama kwamba kinywani hamna kitu.

"Itoe hiyo sindano!" mama alimwambia.

"Sitaimeza, mama."

"Kila aliyeimeza alisema hivyo hivyo."

Mwanarusi alicheka, akaitoa, na baada ya dakika mbili akairudisha pale pale. Mazoea yana taabu.

Siku moja ya Jumanne, mwaka wa 1995, uzi ulimwishia. Shangazi alikuwa ametoka kwenda kumpa mkono wa tanzia jirani yao mmoja. Mwanarusi alipanda ghorofani, akaingia chumbani mwa Shangazi na kuchukua kibonge cha uzi. Angetoka hapo hapo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini juu ya meza, kando ya kisanduku kilichokuwa wazi, aliiona bangili ya dhahabu ya Shangazi. Ilikuwa bangili pana, ya kale, iliyochongwa maua ya yungiyungi. Shangazi aliirithi kwa mama yake, na alikuwa amekwisha kusema mara mia kwamba asiione mikononi mwa mtoto yeyote.

Mwanarusi aliivaa. Ilimpwaya, ikateremka hadi kwenye kiwiko. Alikuwa bado akiutazama mkono wake katika kioo aliposikia sauti ya Shangazi mlangoni chini ikimwamkia mpita njia. Aliivua bangili, akaitua mezani pasipo kutazama, akateremka ngazi kwa kasi ya paka. Shangazi alipoingia, Mwanarusi alikuwa jikoni akihema na kujifanya anapepeta mchele.

Kesho yake asubuhi nyumba nzima iliamshwa na kelele. Bangili haikuwapo.

Shangazi Esha alimwita kila mtu sebuleni: baba, mama, na Mwanarusi. Alisimama katikati yao, leso imemteleza begani.

"Nani aliingia chumbani mwangu jana?"

Baba alikuwa Shimanzi kutwa nzima. Mama alisema hakuwa na haja ya kupanda juu. Macho yote yakamgeukia Mwanarusi.

"Rusi, wewe uliingia?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini aliiona ile bangili kiwikoni mwake, aliuona uso wa Shangazi, na ulimi, ambao wahenga walisema hauna mfupa, ukampindukia.

"Sikuingia, Shangazi."

"Haki ya Mungu?"

"Wallahi sikuingia."

Shangazi alimtazama kidogo, kisha akaifunga leso yake kiunoni. "Basi nyote mmesikia. Mimi nitaisomesha Halbadiri. Aliyeichukua atavimba, na akivimba tutamjua."

Watu wa pwani wanakijua kisomo hicho. Mtu akiibiwa huwaita masheikh wakamsomea, na wengi huamini kwamba mwizi hapiti siku nyingi kabla ya kupatwa na balaa mwilini. Baba alijaribu kumtuliza dada yake. "Dada, pengine umeiweka mahali." Shangazi hakutaka kusikia.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Maalim Faraj, mwalimu wa chuo alichosoma Mwanarusi, alipita mlangoni pamoja na wazee wawili, wakapanda juu. Harufu ya ubani iliteremka ngazini. Kisha ukaja mvumo wa sauti za wanaume wakisoma pamoja. Mwanarusi aliketi chini akiwa ameyakumbatia magoti yake. Alijiambia kwamba yeye hakuiba. Bangili aliiacha pale pale mezani. Lakini aliapa uwongo, tena kwa jina la Mungu, na hakujua kama kisomo kile kilipambanua mwizi na mwongo.

Jumapili asubuhi, alipokuwa akipiga mswaki, ulimi wake uligusa kitu. Alikwenda kwenye kioo cha ukutani, akafungua kinywa na kuuinua ulimi juu. Chini yake, upande wa kushoto, palikuwa na uvimbe. Ulikuwa wa mviringo, laini, wa rangi ya samawati hafifu, unang'aa, mkubwa kama punje ya mbaazi. Aliubonyeza kwa kidole. Haukuuma. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi, maana kidonda cha kawaida huuma.

"Nimevimba," alijisemea.

Tangu asubuhi hiyo Mwanarusi aliishi kama mtu aliyefungiwa chumba kisicho na mlango. Akiuonyesha uvimbe, yeye ndiye mwizi, na nyumba nzima itakuwa imepata ushahidi. Akiuficha, nao unakua. Akisema ukweli kwamba aliingia, nani atamwamini kwamba hakuchukua, na huku ulimi wake wenyewe umemshitaki? Kila upande aliogeukia alikuta ukuta.

Akaanza kula kichwa kikiwa chini. Aliacha kucheka kwa sauti, akawa anacheka kwa pua. Mama akimsemesha alijibu "naam" na "la," basi. Baba alirudi na viazi karai siku moja, vitu Mwanarusi alivyovipenda kupita vyote, naye alikula viwili na kusema ameshiba. Shangazi alipoteremka kwa ajili ya kofia, Mwanarusi alimpa kazi iliyokwisha bila ya kuinua uso. Shangazi alidhani ni adabu.

Shuleni alikuwa na rafiki mmoja, Sidi, msichana wa Kigiriama aliyekaa Bondeni na kupenda kujua mambo ya watu. Wakati wa mapumziko Sidi alimvuta kando.

"Wewe una nini? Waongea kama mtu aliyetafuna pamba."

"Nina kidonda kinywani."

"Nionyeshe."

"Sitaki."

"Basi sukutua maji ya chumvi. Mimi mwaka jana nilijiuma, mama akanipa maji ya vuguvugu na chumvi, siku tano kimekwisha. Kama hakikuisha, mwambie mamako."

Mwanarusi alishika nusu ya kwanza ya ushauri huo, nusu ya pili akaitupa. Alisukutua maji ya chumvi kwa siku tatu, kwa siri, nyuma ya jiko. Uvimbe haukutishika. Akapaka maji ya ndimu, akaishia kutokwa na machozi na mate mpaka kidevuni. Kisha akafanya jambo la kijinga kuliko yote. Aliichukua sindano yake ya kofia, akasimama mbele ya kioo, akafumba jicho moja na kuutoboa.

Yalitoka maji mazito yenye utelezi, kama ute wa yai. Uvimbe ukanywea palepale, pakabaki ngozi laini tu. Mwanarusi nusura apige kigelegele. "Nimesamehewa!" alijiambia. Asubuhi iliyofuata alikula mahamri sita na mbaazi ya nazi, mama akamtazama kwa furaha na kumwongezea la saba.

Furaha hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano uvimbe ulirudi, na ulirudi kwa hasira. Safari hii ulikuwa mkubwa kama zabibu mbichi. Uliusukuma ulimi juu na upande, hata chakula kikawa kinampotea kinywani na mate yakawa shida kuyameza. Mwanarusi alijilaza kitandani alasiri hiyo na uso ukutani. Sasa alikuwa na hakika. Kama Mungu alimsamehe mara ya kwanza, na yeye bado akaficha ukweli, basi mara ya pili hakuna msamaha. Akajiona akivimba ulimi, kisha koo, kisha pumzi ikakatika, na watu wamesimama juu yake wakisema, "Kumbe ni yeye."

Lililomfichua halikuwa jicho la mtu, ila sikio. Maalim Faraj alikuwa mzee mpole asiyeona vizuri, lakini herufi ikisomwa kombo aliisikia hata akiwa uani anatawadha. Kesho yake chuoni, zamu ya Mwanarusi ilipofika, alianza kusoma sura yake. Palipotakiwa ulimi uguse meno, haukufika. Akarudia. Haukufika.

"Mwanarusi," Maalim alisema, "wewe hiyo herufi ya dhali uliitoa vizuri tangu una miaka saba. Leo imekwenda wapi?"

Watoto wengine walicheka. Mwanarusi aliziba kinywa kwa mikono yote miwili.

Maalim hakucheka. Aliwatuma watoto wengine wakasome uani, akafunga msahafu wake polepole, akaketi kumkabili. "Binti yangu, fungua kinywa nikutazame."

Mwanarusi alitikisa kichwa. Machozi yalipita kati ya vidole vyake.

"Waumwa?"

"Hauumi, Maalim. Umevimba tu. Ile Halbadiri yenu imenipata." Kisha maneno yote yakatoka kwa pamoja, mazito, yenye mate na kwikwi. "Mimi si mwizi, Maalim! Niliingia nikachukua uzi. Bangili niliijaribu, nikaivua, nikaiweka. Halafu nikaapa kwamba sikuingia. Sasa nimevimba, na wakiniona watasema niliichukua, na mimi sikuichukua!"

Maalim Faraj alimsogelea. Ndevu zake zilitikisika kidogo.

"Halbadiri ipi?" aliuliza.

"Ile mliyosoma juu kwa Shangazi, siku ya Ijumaa."

"Mimi sikusoma Halbadiri. Shangazi yako aliniomba, nami nikakataa. Nilimwambia: Bi Esha, kitu kilichopotea si lazima kimeibwa. Tulisoma Yasini na dua ya mtu aliyepotelewa, tukanywa kahawa, tukaondoka. Hakuna aliyeapizwa katika nyumba ile."

Mwanarusi alimtazama mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili alisahau kuuficha ulimi wake.

Maalim alimshika mkono wakaenda nyumbani. Ilikuwa bado mchana, jua kali limejibanza kwenye vichochoro. Walimkuta baba ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, na Shangazi Esha akiwa sebuleni kwa mama, jani la tambuu shavuni. Maalim alisema, "Mtoto ana maneno. Naomba asikatizwe." Mwanarusi akayarudia yote, akisimama katikati ya sebule pale pale alipoapia. Hakuacha kitu. Alipofika kwenye bangili, Shangazi alimkatiza licha ya ombi la Maalim.

"Uliiweka wapi? Kisandukuni?"

"Mezani, Shangazi. Sikuangalia. Niliihisi ikizama kati ya vile vitambaa vya kofia."

"Vitambaa vilivyochorwa?"

"Ndiyo."

Shangazi alijipiga paji la uso. "Ole wangu! Vitambaa vile nilivikunja haraka haraka jioni ile ile nikavifunga furushi. Nikampelekea yule mshonaji wangu wa Bondeni, naye kesho yake kasafiri Lamu kwa maziko. Hajarudi bado, na furushi liko kwa watu wa nyumbani kwake, halijafunguliwa!"

Baba aliondoka wakati huo huo. Kabla ya magharibi alikuwa amerudi na furushi, fundo lake kama lilivyofungwa, na bangili ndani yake imelala kati ya kitambaa cha tatu na cha nne. Shangazi aliishika mikononi, lakini hakuivaa. Aliiweka chini, akamvuta Mwanarusi karibu na dirisha.

"Inua ulimi," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyepata kuisikia kwake. Alipouona ule uvimbe alisema, "Subhanallah," akarudi nyuma hatua moja. "Na mtoto amekaa na hili siku zote hizi, kwa sababu yangu."

Baba alikuwa na lake la kusema. "Mwanarusi, uliapa uwongo, na hilo ni kosa. Tutalizungumza ukipona. Kwanza kinywa."

Asubuhi yake mama na Shangazi walimpeleka kwa Daktari Hakimuddin, tabibu wa meno, ambaye chumba chake cha matibabu kilikuwa juu ya duka la vinyago, Ndia Kuu. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, na mikono iliyonukia sabuni. Alimketisha Mwanarusi kwenye kiti kirefu, akavaa glavu, akamulika kwa taa na kuugusa uvimbe kwa ncha ya kidole.

"Laini," alisema. "Hauumi?"

Mwanarusi alitikisa kichwa.

"Ulipata kupasuka ukarudi?"

Mwanarusi aliona haya. "Niliutoboa kwa sindano."

"Usirudie kamwe. Sindano isiyochemshwa ingeweza kukutia usaha shingoni kote, ukaja hapa umebebwa. Sasa niambie, kabla ya kuuona, hukuhisi kitu chochote pale chini?"

Mwanarusi alifikiri. Kweli, kabla ya habari za bangili, wiki moja hivi, palikuwa na kitu kidogo kama chembe ya choroko kilichoukwaza ulimi wakati wa kula. Hakukijali. Na kabla ya hapo tena? Akakumbuka. Sidi alimsimulia kisa barazani, yeye akacheka na sindano iko chini ya ulimi, ikamchoma. Alitema damu kidogo, wakaendelea kucheka. Yote hayo akamwambia daktari, na kisa cha bangili pia.

Daktari alipiga makofi mara moja. "Basi tumempata mwizi! Sikiliza, binti. Chini ya ulimi kuna tezi zinazotengeneza mate, na kila tezi ina vijifereji vya kuyatoa nje. Sindano yako ilikijeruhi kimoja, kikapona kwa kovu, kikaziba. Tezi haina habari, yaendelea na kazi yake. Mate hayana pa kutokea, yanajikusanya, panavimba. Ukitoboa, yanamwagika, tundu linajifunga, yanajaa upya. Ndiyo maana ulirudi."

"Kwa hiyo haukuja kwa sababu niliapa uwongo?" Mwanarusi aliuliza.

"Ulianza kabla hujaapa. Umesema mwenyewe sasa hivi." Daktari alivua glavu. "Uwongo una dawa yake, nayo si yangu mimi."

Kisha akawaeleza matibabu. Angemchoma sindano ya ganzi, aufungue uvimbe na kuzishona kingo zake ili mate yapate njia ya kudumu. Ukirudi hata baada ya hapo, angempeleka hospitali kuu, tezi yenyewe iondolewe. Mama aliuliza kama vidonda vyote vya chini ya ulimi vinatibiwa hivyo.

"La, mama, la. Vingi ni vidogo tu. Mtu amejiuma, amejiunguza kwa chai, au ana jino lililovunjika linalomkwaruza. Hapo jino litengenezwe, kinywa kisukutuliwe maji ya chumvi. Kuna vile vidonda vidogo vyeupe vyenye ukingo mwekundu, vyauma kama moto, na vyaondoka vyenyewe kwa wiki moja au mbili. Lakini kuna vingine mimi naviogopa." Alipunguza sauti. "Kidonda au doa jeupe au jekundu, halipungui, halimuumi mtu, hasa mtu anayekula tambuu na tumbaku na chokaa. Hilo laweza kuwa mwanzo wa saratani. Likiwahiwa, mara nyingi linatibika. Likifichwa, mimi na hospitali yote hatuna la kufanya. Chochote kikipita wiki mbili kinywani, kionyesheni."

Shangazi Esha, mwenye maneno kuliko watu wote wa Ndia Kuu, aligeuza uso. Alitazama dirishani.

Ganzi iliuma kama kuumwa na siafu, kisha Mwanarusi hakuhisi lolote ila vidole vya daktari vikisukumana kinywani mwake. Yote yalikwisha kabla ya adhuhuri. Kwa wiki moja alikula uji na wali uliopondwa, akasukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi kila baada ya chakula, na sindano ikapata mahali papya pa kukaa, kwenye kimto kidogo cha pamba alichomshonea mama. Siku ya kumi dhali ilirudi chuoni. Maalim Faraj aliisikia, akafumba macho, akasema tu, "Endelea."

Baba naye hakusahau. Siku hiyo alimketisha na kumwambia kwamba kila aliyemuuliza kuhusu bangili alikuwa akimwamini, na ule uwongo ulikuwa umewaibia imani hiyo wote. Mwanarusi aliomba radhi kwa baba, kwa mama, na mwisho akapanda juu kumwomba Shangazi.

Alimkuta ameketi kitandani. Kijaluba cha tambuu kilikuwa kando yake, kimefungwa.

"Shangazi, nisamehe. Niliingia bila ruhusa, nikavaa kitu chako, nikaapa uwongo."

"Nimekwisha kusamehe. Kaa." Shangazi alisogea kumpa nafasi. "Na mimi nisamehe. Maalim alikataa kusoma, mimi nikawaacha nyote mwamini kwamba kimesomwa, ili mwizi aogope. Na wa kuogopa akawa mtoto mgonjwa. Wewe ulidanganya kwa neno moja, mimi nilidanganya kwa kunyamaza."

Mwanarusi aliketi kando yake. Hakuwahi kuombwa radhi na mtu mzima.

"Rusi," Shangazi akaendelea, na sauti yake ikawa nyembamba, "njoo nitazame hapa." Alifungua kinywa na kuuinua ulimi. Chini yake, karibu na meno yaliyopigwa wekundu na tambuu, palikuwa na doa jeupe, pana kama ukucha wa kidole gumba, limekauka, halina uvimbe. "Liko tangu Ramadhani."

Ramadhani ilikuwa imepita miezi mitano.

"Haliumi?" Mwanarusi aliuliza.

"Haliumi. Ndiyo maana nikalificha. Kila asubuhi nalitazama, nasema litaondoka. Siku ile kwa daktari nilitaka kusema, nikaona haya mbele ya mamako." Shangazi alimshika mkono. "Naogopa, mwanangu."

Mwanarusi aliijua hofu hiyo. Alijua rangi yake, na namna inavyomfanya mtu ale kichwa chini. Alisimama, akalichukua buibui la Shangazi kwenye msumari, akampa.

"Twende sasa hivi, Shangazi. Daktari yuko mpaka saa kumi."

Walikwenda. Daktari Hakimuddin alikata kipande kidogo cha lile doa, akakipeleka hospitali kikatazamwe kwa darubini. Majibu yalichukua wiki mbili, nazo zilikuwa ndefu kwa watu wote wa nyumba ile. Hatimaye daktari aliwasomea karatasi: saratani haijaingia, lakini ilikuwa njiani. Shangazi aache tumbaku na chokaa tangu siku hiyo, na kila miezi mitatu aje atazamwe.

Waliporudi, washonaji watatu walikuwa barazani wakingoja kazi, na Sidi alikuwa amekuja kumwona mwenzake. Shangazi Esha hakupanda juu. Alisimama mbele yao, akasema kwa ile sauti yake ya sokoni, iliyokuwa imerudi yote:

"Nisikilizeni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto huyu alificha wiki mbili kwa sababu niliugeuza ugonjwa kuwa hukumu. Mimi mtu mzima nilificha miezi mitano kwa haya tu, na kama yeye asingefungua kinywa chake, mimi nisingefungua changu. Ugonjwa hausemi nani mwema na nani mbaya. Mwenye kosa na aseme kosa lake, na mwenye kidonda aonyeshe kidonda chake, na anayeambiwa asimtishe mwenzake." Akageuka. "Haya, Sidi, wewe mwenye maneno mengi, inua ulimi tukuone."

Wote wakacheka. Sidi akainua ulimi. Kisha mmoja mmoja, barazani pale mchana mweupe, wakaanza kutazamana vinywa.